Aseniki ya Watiri

Daktari alilitaja neno hilo mchana, tukiwa kwenye korido, na kaka yangu Ngatia akashtuka kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kituo cha polisi.

"Umesema aseniki?"

"Ndiyo, mzee. Aseniki."

"Ile ya dipu?"

Daktari Nekoye hakujua dipu gani. Amezaliwa juzi, huko Bungoma, na dawa ya kupe aliyoikuta duniani ni nyingine. Lakini Ngatia alisimamia josho la ng'ombe la kijiji chetu huko Tetu tangu hajaota ndevu vizuri, wakati dawa iliyomwagwa ndani ya lile shimo la simiti ilikuwa aseniki, ikija kwa madebe yaliyochorwa fuvu. Mimi ni dada yake, na fuvu hilo nalikumbuka. Nakumbuka pia ng'ombe waliokunywa maji ya josho yaliyofurika baada ya mvua, wakalala njiani wakihara mpaka wengi wakaisha, na afisa wa mifugo aliyekuja na viatu safi kutuambia kwamba dawa haina makosa, makosa ni ya ng'ombe. Alisema hivyo hivyo, watu wazima tukimsikia. Baadaye alipandishwa cheo. Ukiuliza leo utaambiwa hayo ni mambo ya zamani, kana kwamba ng'ombe wa zamani hakuwa ng'ombe.

Sasa aseniki hiyo hiyo ilikuwa itiwe kwenye mshipa wa Watiri.

Watiri ni mjukuu wa Ngatia, yuko kidato cha tatu. Mama yake yuko Saudia anapiga deki nyumba za watu, kwa hivyo mzazi wa karibu ni guka yake. Ugonjwa ulianza na fizi kutoa damu. Kisha mabaka meusi yakamtokea miguuni na mikononi, na mwalimu mmoja, mtu na digrii yake, akamwita Ngatia shuleni kumuuliza anampigia nini mtoto wa wenyewe. Mzee akarudi nyumbani na aibu ambayo si yake. Ni hadi siku damu ilipomtoka puani darasani ikakataa kukoma ndipo mtoto akaletwa Nyeri mjini, akapimwa, tukaambiwa ni lukemia, saratani ya damu. Tena ni ya aina inayoua haraka sana ukichelewa, ingawa daktari alisema ni hiyo hiyo inayopona vizuri kuliko nyingi ukiiwahi.

"Hebu niwaeleze," daktari alisema siku hiyo, na nitampa haki yake, alieleza. Aliegemea ukuta kwa sababu alikuwa amechoka, sisi tukasimama kwa sababu hakukuwa na viti.

Alisema kila seli ya mwili huzaliwa na amri ya kufa ndani yake. Ikizeeka au ikiharibika, inajikunja, inajikata vipande vidogo, na seli jirani zinavimeza. Hakuna kidonda wala usaha, na mwenye mwili hata hana habari. Hivyo ndivyo tunavyoishi, kwa kufa kidogo kidogo kila saa. Seli za Watiri zimeikataa amri hiyo. Jeni mbili zilikatika zikaungana vibaya, zikazaa protini moja mbovu, na protini hiyo inazizuia seli changa za damu kukomaa. Hazikui, na hazifi. Zinazaana tu na kujaza uboho wa mifupa mpaka damu nzuri inakosa mahali pa kutengenezewa.

"Kama wenyeviti wetu wa chama cha kahawa," nikasema.

Daktari alicheka kidogo. "Basi tuseme hivyo, mama. Sasa kuna dawa mbili. Moja ni kapsuli za kumeza, hizo zinazifanya zikomae. Ya pili ndiyo aseniki, kwa dripu. Aseniki inaishika ile protini mbovu na kuipeleka kuvunjwa. Na ndani ya seli kuna vituo vidogo vya kutengeneza nguvu. Aseniki inatoboa kuta zake. Kinachovuja pale kinaamsha vimeng'enya vilivyokuwa vimelala, vinavyokata kama mikasi. Seli inajikata yenyewe kutoka ndani. Sisi hatuiui. Tunaikumbusha tu."

Ngatia alikuwa amesikiliza huku kofia yake iko mkononi. Akauliza swali moja.

"Na ikimaliza hizo seli, hiyo aseniki inaenda wapi?"

Simu ya daktari ikalia. Akaangalia, akasema anaitwa chumba cha upasuaji, atarudi. Hakurudi siku hiyo. Ngatia akamgeukia Kyalo, nesi wa wodi, kijana wa Machakos, mpole, akamuuliza swali lile lile.

"Mzee, hayo ni ya daktari," Kyalo akasema. "Wewe niambie tu kama tuanze ama tusianze. Mtoto hana muda."

Ngatia akakubali. Angefanya nini? Lakini swali alirudi nalo Tetu bila jibu, na mimi nimeishi miaka ya kutosha katika nchi hii kujua kwamba mtu asipojibiwa hujijibu mwenyewe.

*

Mimi naishi Gatitu, karibu na hospitali kuliko yeye, kwa hivyo nilidhani ni mimi nitakayekuwa nabeba chakula. Ngatia akakataa. Alikuja mwenyewe kila siku kutoka Tetu, saa za wageni za mchana na za jioni, katikati akilala kwenye nyasi za uwanja wa hospitali kama mzigo uliosahauliwa. Alibeba thamosi ya kijani. Kapsuli za Watiri humezwa na chakula, mchana na jioni, na Ngatia alihakikisha kwamba kabla ya chakula hicho mtoto amekunywa kikombe kizima cha alichokileta.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Phelister, Mama Jackton, ambaye bwanake ni mwalimu wa makurutu wa polisi kule Kiganjo. Saratani yake ni nyingine, na dawa zake zilikuwa zimemmalizia nywele na chembe za kugandisha damu, lakini mdomo zilimwachia.

"Yawa, mzee wa Tetu," alisema siku ya kwanza alipoona kilichomiminwa kutoka kwenye thamosi. "Hiyo maziwa yako mbona iko na rangi ya barabara?"

"Ni mursik," Ngatia akajibu bila kumtazama.

"Ati mursik! Umekuwa Mkalenjin lini? Ama unataka huyu mtoto akimbie marathoni?"

Watiri akacheka, na fizi zake zilionekana zimevimba. "Wacha guka wangu, Mama Jackton. Ni ya kuongeza damu."

"Nimepewa na polisi mmoja wa Kiganjo," Ngatia akasema. "Wao hukua nayo na wako na nguvu."

"Nawajua hao polisi. Nguvu wako nayo ya kula ugali ya serikali."

Kila mtu anajua maziwa ya Wakalenjin hutiwa vumbi la mkaa wa mti wao, yakawa ya kijivu. Mimi nikaamini. Kyalo naye alikuja akanusa kikombe, akauliza kama yamechemshwa, maana mgonjwa wa damu hapewi maziwa mabichi. Ngatia akaapa kwamba yamechemshwa. Hilo lilikuwa kweli.

Siku zikaenda. Dripu ya aseniki ikadondoka ndani ya mkono wa Watiri, maji matupu kwa macho, na guka yake akiitazama namna mtu anavyomtazama nyoka bila kujua kama amelala. Damu ikapimwa, ikapimwa tena. Daktari Nekoye akaanza kukunja uso. Kapsuli ndizo hutangulia kuzuia kutokwa na damu, alisema, na kwa wengi mambo hutulia mapema. Kwa Watiri hayakutulia. Mabaka mapya yalimtokea hata pale mkanda wa kupimia presha ulipofungwa.

Nilichoka siku hizo. Sisemi uchovu wa miguu. Nimesimama mbele ya ofisi nyingi maishani, nimepiga kelele juu ya josho lilipogawanywa kuwa ploti, nimepiga kelele juu ya mashine ya picha ya hospitali kukaa mwaka mzima imefunikwa shuka, na mara zote nilijua ninayempigia ni nani. Hapa hapakuwa na mtu. Palikuwa na seli zisizotaka kufa na daktari mmoja kwa wagonjwa wa nusu ya Mlima Kenya. Utamfokea nani?

*

Kisha Watiri, aliyekuwa amefunga choo siku hizo zote, akaenda choo, akamwita Kyalo kama alivyofundishwa, akamwonyesha. Kilikuwa cheusi tititi.

Mimi na Ngatia tuliingia wakati wa wageni tukakuta mapazia yamevutwa. Choo cheusi kwa mgonjwa wa aina hii, Kyalo alinieleza kwa sauti ya chini, maana yake damu inavuja tumboni. Daktari Nekoye alikuja nusura akimbie. Asubuhi hiyo mfuko mmoja wa chembe za kugandisha damu, ule wa manjano, ulikuwa umefika kutoka benki ya damu kwa ajili ya Phelister, ambaye alikuwa akitokwa na damu puani tangu jana. Mfuko ulikuwa mmoja tu. Daktari akasimama kati ya vitanda viwili, akautazama, na nikaona mtu anavyozeeka.

"Mpeni mtoto," Phelister akasema, pamba puani. "Mimi nimeshazaa. Wacha kuniangalia hivyo, daktari, utanitia mimba nyingine."

Daktari akamwambia Kyalo autundike kwa Watiri. Kisha akatugeukia.

"Aseniki na kapsuli tunasimamisha. Naona hazimsaidii. Kesho apelekwe Nairobi aanze zile dawa kali za kawaida. Hizo hazikumbushi seli kitu, zinachoma kila kinachokua, kizuri na kibaya. Kwa hali yake sijui kama atazistahimili. Siwezi kuwadanganya."

Hapo ndipo nilipolipuka. Niliuliza wodi nzima kama mtoto wetu ni ng'ombe wa majaribio. Nikamtaja afisa wa mifugo kwa jina lake na la baba yake, nikasema tuliambiwa dawa haina makosa na leo tunaambiwa tena. Wagonjwa wakainuka vitandani. Daktari aliniacha nimalize, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilimaliza.

Ndipo nikamtazama kaka yangu. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, thamosi katikati ya magoti, na uso wake ulikuwa umelegea. Ngatia alikuwa ametulia. Sikuwa nimemwona hivyo tangu neno la aseniki litajwe.

"Wewe unafurahia nini?" nikamuuliza.

"Wameitoa," akasema. "Nduta, wameitoa."

"Hata mimi," Phelister akasema kutoka upande wake, akijaribu kutupoza, "nikikunywa hiyo maziwa yenu ya barabara, choo yangu itatoka kama lami."

Hakuwa na maana yoyote. Alikuwa anachekesha watu. Lakini mimi niliichukua ile thamosi kutoka magotini mwa Ngatia, nikamimina kidogo kiganjani, nikasugua kwa kidole gumba. Mchanga mweusi. Haukuwa vumbi jepesi la mursik, ulikuwa mkaa uliotwangwa, mwingi, umechanganywa na ute wa yai. Na hapo nikakumbuka lililobaki la siku ya ng'ombe wale. Ngatia kijana, chupa mkononi, akiwainua vichwa mmoja baada ya mwingine na kuwanywesha maziwa, mayai na makaa, kwa sababu ndiyo dawa pekee waliyofundishwa wahudumu wa josho na wenzao. Watatu walisimama. Na kinyesi chao kilikuwa cheusi njia nzima hadi mtoni.

Nikamshika mkono tukatoka koridoni.

"Umemnywesha kama ng'ombe."

"Ng'ombe walipona."

"Kile cheusi si damu, Ngatia! Ni makaa yako!"

"Najua." Alisema polepole, kama mtu anayeshuka mlima. "Nilijua Kyalo alipokutajia choo cheusi. Nilitaka kusema. Halafu huyo daktari akasema anaitoa."

"Kwa hivyo ukanyamaza."

"Nikisema wataendelea kumtia sumu. Wewe ulikuwepo. Uliona wale ng'ombe. Si ni wewe umetoka kuwapigia kelele huko ndani? Sasa unataka nini?"

Alikuwa ananirudishia maneno yangu yakiwa bado ya moto. Nikamwambia tu kwamba Nairobi watamtia moto, kwamba daktari hajui kama atatoka, na kwamba makaa yanameza kila kinachoingia tumboni, sumu na dawa, hayachagui. Zile kapsuli zilikuwa zinaishia kwenye makaa yake mchana na jioni. Nilikuwa nakisia, lakini nilivyosema niliona linaingia.

"Hizo ni za kumeza," akasema.

"Ndiyo, za kumeza."

"Hizo sikuwa na shida nazo."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi na Watiri alikuwa ametusikia. Aliita, "Guka," na tukarudi ndani. Mfuko wa manjano ulikuwa umetundikwa, Kyalo anahangaika kutafuta mshipa mzuri.

"Mimi nilijua ni makaa," Watiri akasema. "Inakwaruza meno. Nilikuwa nakunywa juu ya vile hukuwa unakula. Nikimaliza kikombe ndio ulikuwa unakula."

Ngatia alimtazama mtoto, akautazama ule mfuko, kisha akamtazama Phelister na pamba yake iliyolowa. Sijui alikuwa anahesabu nini moyoni. Najua tu kwamba kama angetoka mlangoni wakati ule na kwenda zake Tetu, nisingeweza kumzuia, na sijui kama ningesema mimi mwenyewe. Ni kaka yangu, na hofu yake niliijua ilikotoka.

"Nesi," akasema. "Ngoja kwanza usidunge. Niitie daktari."

*

Alimwambia yote, amesimama, kofia mkononi. Daktari Nekoye hakupaza sauti. Kyalo alichukua kipimo kidogo cha kuangalia damu kwenye choo, akarudi akisema hakuna damu. Mfuko wa manjano ukahamishwa kitanda cha pili, na Phelister akauliza kama sasa ataanza kuongea Kikuyu.

Daktari alivuta kiti, cha kwanza nilichoona kikivutwa kwa ajili yetu, akamketisha mzee, yeye akaketi kitandani.

"Kwa nini hukuniuliza, mzee?"

"Nilikuuliza. Inaenda wapi. Simu ikalia."

Daktari alifunga macho. Kisha akamjibu, kwa kuchelewa, lakini alimjibu. Akasema ni sumu, ndiyo, ile ile ya madebe ya fuvu, na hatamwambia kwamba si sumu. Akasema ini huibadilisha na sehemu kubwa hutoka na mkojo. Akasema inaweza kuvuruga moyo, ndiyo maana kila wakati wanamfunga Watiri nyaya kifuani na kupima chumvi za damu yake. Seli mbovu ndizo dhaifu zaidi mbele ya aseniki, ile protini yao ndiyo inayokamatwa kwanza, kwa hivyo kiasi kidogo kinachoziangusha hakitoshi kuangusha nyingine. Kikizidi, kitaangusha zote.

"Ndiyo," Ngatia akasema. "Ikiwa kali inachoma ng'ombe. Ikiwa nyepesi kupe wanaizoea."

"Basi unaelewa kazi yangu."

"Na nani anapima?"

"Mimi. Na Kyalo."

"Nitakuwa nauliza kila siku."

"Uliza. Simu ikilia nitaiacha ilie."

Hakuiacha kila mara, nilimwona. Lakini alijaribu, na kwa nchi hii hilo si dogo. Kaka yangu alikatazwa kuleta chakula. Alikubali kama anavyokubali mtu aliyepigwa faini.

Daktari alithibitisha kwamba makaa ndiyo yaliyokuwa yakizimeza kapsuli, akafuta safari ya Nairobi na kurudisha dawa zote mbili. Kapsuli zilipoanza kuingia katika tumbo lisilo na makaa, Watiri kwanza alizidiwa. Homa ikapanda, miguu ikavimba, akawa anapumua kama amepanda kilima. Daktari alisema seli zinakomaa kwa wingi mno kwa mara moja, jambo linalotokea, akampa dawa ya kutuliza na hewa ya puani. Nilikuwa nimechoka hata kuogopa. Niliketi kwenye lile benchi la nje nikilala na kuamka, na Ngatia kando yangu. Phelister aliruhusiwa kwenda Kiganjo kupumzika kabla ya dawa zake nyingine. Alipopita alinigusa bega, akaniita kwa jina la mwanangu, "Mama Wamae, hebu kula," akaondoka.

Kisha mabaka yakaacha kuongezeka. Ya zamani yakageuka manjano, yakafifia. Daktari Nekoye akaja na majibu ya damu, akasimama mbele yetu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu kwa meno.

"Zinakufa?" Ngatia akauliza.

"Zinakufa."

"Zenyewe?"

"Zenyewe, mzee. Bado ni safari ya miezi mingi, na bado anaweza kutushtua. Lakini zimeanza kufa zenyewe."

Ngatia alikuwa amekonda, kola ya shati imekuwa pana shingoni.

"Na zinasikia uchungu?"

"Sijui," daktari akasema. "Nadhani hapana. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ndani, Watiri alikuwa anamwambia Kyalo kwamba anataka chipsi, na Kyalo anamwambia atapata viazi vya kuchemsha na ashukuru. Ngatia aliinuka, akavaa kofia. Kulikuwa na ng'ombe wa kukamuliwa huko Tetu na hapakuwa na mtu mwingine wa kumkamua. Akaenda hadi mlangoni mwa wodi, akaitazama dripu ikidondoka, akamuuliza Kyalo kama moyo umepimwa leo. Kyalo akasema umepimwa.

"Nionyeshe," akasema.

Kyalo akamwonyesha.